Shida ya Komoro si udogo
Mwandishi wa makala moja kuhusu Komoro anasema nchi hiyo ni maskini kwa sababu ni visiwa vidogo. Hapana, ndugu yangu. Morisi nayo ni ndogo, mbona imeendelea? Komoro inategemea karafuu, vanila na mlangilangi (maua ya kutengenezea manukato), bei hupangwa kwingine, na mchele unaagizwa kwa meli. Kisiwani Ngazija mvua ni nyingi, lakini mawe ya mlima wa volkeno wa Karthala yanafyonza maji yote, hakuna mto wa kudumu! Na siasa je? Mwaka 2001 walikubaliana urais uzunguke kwa zamu kati ya visiwa vya Ngazija, Nzwani na Mwali. Kura ya maoni ya 2018 ikaruhusu rais yuleyule akae mihula miwili mfululizo, na zamu ya Nzwani ya 2021 ikapotea. Wanzwani wana haki ya kulalamika, na makala haikuwataja kabisa.