Nauli ya Cairo, Kushuka Bereku

Shemeji yangu ana tabia moja mbaya: anapanda ndege halafu anatoa ushauri wa mabasi. Kanipigia simu jioni hii, mimi ndiyo kwanza nimeshuka, magoti yana alama ya chuma cha siti ya mbele, ananiambia, "Shem, siku hizi Dodoma–Arusha si kuteleza tu? Lami mwanzo mwisho!"

Kuteleza. Nimekata simu. Nitamwambia salio lilikwisha.

Sasa mimi si mtu wa kukufuru neema. Lami ipo, na aliyeisafiri njia hii zamani haulizi kwa nini tuliishangilia. Siku zile mtu wa Dodoma akitaka kwenda Arusha, ambayo ipo kaskazini kwake kabisa, alikuwa anaelekezwa mashariki. Morogoro, Chalinze, Segera, Same, Moshi, ndiyo Arusha. Unakaribia kunusa bahari na wewe unakwenda mlimani. Aliyejitia ushujaa akakata moja kwa moja kupitia Kondoa alifika na vumbi hadi kwenye kope, mama mkwe anampokea huku akiuliza "huyu nani tena?" Mvua zikianza, hata huo ushujaa ulifungwa.

Basi lami ikaja kwa vipande vipande. Mwaka 2018 Rais Magufuli akafika Bicha pale Kondoa, akafungua kipande kirefu cha kutoka Mayamaya kupita Mela mpaka Bonga, kilomita 188.15. Nimeifikiria sana hiyo nukta moja tano. Ni mita 150. Naamini ndizo mita pekee zisizo na tuta.

Maana tuta lipo. Na kabla ya tuta kuna rasta, vile vituta vyembamba vya mfululizo, na baada ya rasta kuna kibao cha 50, na kabla hujakimaliza kijiji cha kwanza kijiji cha pili kimeshapiga hodi. Kule porini ambako hakuna nyumba, basi linaruhusiwa 80, na dereva akigusa 82 king'amuzi cha mwendo kinalia pii, pii, pii, kwenye masikio ya abiria ambaye hana usukani wala breki. Na akipunguza, walio nyuma wanapiga kelele, "Suka, tunakwenda msibani au tunausindikiza?" Akiongeza, walio mbele wanaanza kumtaja Mungu. Halafu chini ya mti, pale ambapo hata mbuzi hawezi kujificha, kumbe trafiki kajificha na tochi yake ya kupimia mwendo.

Hayo yote tumeyazoea. Tumezoea mpiga debe wa stendi anayeapa kwamba imebaki siti moja, unaingia unakuta uko peke yako na dereva hajaamka. Tumezoea kuchimba dawa, wanaume kulia, wanawake kushoto, na honi inapigwa ukiwa katikati ya shughuli. Tumezoea chipsi za dakika kumi. Msalato tukaupita, uwanja mpya wa ndege unajengwa pembeni, nikamkumbuka shemeji, nikafunga macho nilale.

Ningelala. Ila pale Chemba akapanda mzee.

Baraghashia nyeupe, koti la suti juu ya kanzu, mkono mmoja bakora na mkono mwingine jogoo. Nikampa shikamoo, akanipa marahaba na jogoo nimshikie. Hakuuliza. Alimweka tu mapajani mwangu kama vile tulikubaliana tangu juzi.

Konda akaja. "Mzee wangu, mpaka wapi?"

"Bereku."

Konda akataja nauli. Mzee akamtazama kwa upole kabisa, akasema, "Hiyo ni nauli ya wapi, mjukuu wangu?"

"Ya Arusha, babu. Gari hili mwisho wake Arusha. Siti ikikaliwa imekaliwa."

Mnaolijua jambo hili mnalijua. Unashuka nusu ya njia, unalipa njia nzima, halafu ile siti uliyoilipia mpaka Arusha anakalia mwingine, naye analipa mpaka Arusha. Siti moja inafika Arusha mara tatu kwa siku moja. Sisi wengine huguna, tukalipa, tukamsimulia mke. Mzee hakuguna.

"Umesoma?" akamuuliza konda.

"Nimesoma, babu."

"Vizuri. Hii barabara inaanzia wapi?"

"Dodoma."

Mzee akacheka mpaka bakora ikaanguka. "Hii ni Barabara Kuu ya Kaskazini! Imeanzia Cape Town huko kwa Makaburu, ikaja Zambia, ikaingia Tunduma, Mbeya, Iringa, Mtera, ndiyo hiyo Dodoma yako. Na haiishi Arusha. Inakwenda Namanga, Nairobi, inakwenda mpaka Misri. Arusha pale kwenye Mnara wa Saa wenyewe wanakwambia ni katikati ya Cape Town na Cairo. Katikati! Sasa wewe ukitaka kunitoza mpaka mwisho, mimi nimekubali. Mwisho ni Cairo. Nipeleke."

Basi zima kimya. Kisha mama mmoja wa siti za nyuma, mwenye gunia la karanga kwenye njia ya kupita, akasema, "Eee! Mpeleke!"

Konda wa watu akajaribu ucheshi. "Babu, Cairo hatuna kibali."

"Basi kama Cairo huna kibali, hesabu kilomita. Nauli inapangwa kwa kilomita, au nasema uongo?"

Hasemi uongo. Konda akatoa simu apige hesabu, simu ikazima chaji. Akaazima ya kijana mmoja mwanafunzi, na hapo ndipo tuliharibikiwa, maana yule kijana badala ya kikokotoo akafungua historia ya barabara. Akaanza kutusomea kwa sauti. Kwamba kuna Mwingereza na mkewe, akina Court Treatt, waliondoka Cape Town kwa magari mwezi Septemba 1924 wakafika Cairo Januari 1926. Miezi 16!

"Na hawakukuta rasta," akasema mtu.

"Walilipa nauli kiasi gani?" mzee akauliza, anamtazama konda.

Siti namba tano kulikuwa na mwalimu. Mwalimu utamjua tu, hawezi kusikia tarehe akanyamaza. Akageuka, akatueleza kwamba ndoto yenyewe ilikuwa ya Cecil Rhodes, yule mkoloni wa Kiingereza, naye alitaka reli, si barabara, reli itembee kwenye ardhi ya Mwingereza kutoka kusini hadi kaskazini, lakini Mjerumani alikuwa amekaa hapa katikati, Tanganyika, hataki kusogea. Rhodes akafa 1902 hajapita. Mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha ndipo Mwingereza akapata kipande chake.

"Mjerumani alikaa katikati ya njia akitaka kila mtu alipe," mzee akasema. "Kama huyu." Bakora ikamwelekea konda.

Dereva, ambaye mpaka hapo alikuwa anasikiliza kwa kioo, akachoka, akawasha indiketa, akaegesha pembeni. Akazima injini. "Mkimaliza mniambie."

Jua la Chemba mnalijua. Basi likizima injini, hewa nayo inazima. Jogoo akaanza kuhema mapajani mwangu. Hapo mimi, kama mtu mzima, mwenye elimu yangu ya wastani na heshima kidogo mtaani kwetu, nikaona ni wajibu wangu kusuluhisha. Nikasafisha koo. Nikasema, "Ndugu zangu, busara inatutaka tukutane katikati. Mzee aongeze kidogo, konda apunguze kidogo."

Konda akanigeukia. "Na huyo jogoo wako naye ana siti. Anashuka wapi?"

"Si wangu."

"Umemshika."

"Nimeshikishwa!"

"Basi mlipie, tutajuana mbele."

Nikamtazama mzee anitetee. Akanitetea kweli, kwa namna yake. Akasimama, akashika nguzo. Akasema mwaka 1979, pale Kondoa, mmomonyoko ulipokuwa umekula ardhi imebaki makorongo tu, watu wa Hifadhi Ardhi Dodoma walihamisha mifugo yote kwenye eneo lile. "Ng'ombe waliondoka. Mbuzi waliondoka. Kondoo waliondoka. Kuku hakuguswa! Serikali ilimwacha kuku, wewe na tiketi zako ni nani umguse?"

Makofi. Nasema kweli, watu walipiga makofi. Mama wa karanga alipiga kigelegele. Jogoo naye akawika, saa saba mchana.

Mzee alipoona uwanja ni wake akaongeza na ya 1916. Kwamba Makaburu wa jenerali Van Deventer, waliopigana upande wa Mwingereza, walitoka huko Arusha na farasi kuja kuiteka Kondoa, Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea. Kondoa waliipata. Lakini farasi walikufa njiani, mizigo ikakwama kwenye tope, wakakaa pale njaa inawauma. Mei akaja Lettow-Vorbeck, jemadari wa Mjerumani, kuwatoa, akashindwa. "Jeshi zima limekwama hapa, na watu hawakuinua mkono kutoza nauli!"

"Sasa hilo linahusiana vipi na Bereku?" konda akauliza, sauti imeanza kupasuka. Nilimhurumia. Kijana mdogo yule, tajiri mwenye basi anasubiri hesabu yake jioni, na hesabu ya tajiri haisomi historia.

"Linahusiana kwa sababu njia ni hii hii!"

Hapo akatokea trafiki, kwa mguu, kutoka upande ambao tungeapa hauna mtu. Kauliza kwa nini tumeegesha vibaya. Watu wote wakaanza kumweleza kwa pamoja: Cairo, jogoo, Mjerumani, kilomita, karanga. Akainua mkono. Akachungulia ndani, akamwona mzee. Akavua kofia.

"Shikamoo babu!"

Kumbe trafiki ni mtu wa Haubi, huko huko Kondoa. Kumbe wanajuana, au baba zao wanajuana, au waliwahi kuoa sehemu moja. Salamu zikaanza kwa Kirangi. Za nyumbani, za shamba, za wagonjwa, za waliofariki, na waliofariki nao wana watoto, hao nao wana habari zao. Jamani. Jamani! Mimi nina miadi Arusha! Nina mtu ananisubiri na karatasi za kusaini, ofisi inafungwa saa tisa na nusu, sijala tangu alfajiri, suruali yangu ya safari ina kinyesi cha kuku, na hakuna anayeniuliza mimi hali! Nikatoa pesa mfukoni. Nikamlipa konda tofauti yote, ya mzee na ya jogoo, nikasema kwa sauti ambayo mke wangu angenikana, "TUONDOKE!"

Basi zima likanitazama kama mtu asiye na adabu. Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Vijana wa siku hizi," akamwambia trafiki, "hawana subira."

Tukaondoka. Tulipopita Kolo akanionyesha kilimani, akasema huko ndiko kwenye michoro ya miambani, ile iliyoingizwa urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Niliwahi kuiona. Watu wa kale wamechora wenzao warefu, wembamba, wamenyooka kama fito, vichwa vimevimba. Wataalamu wana maelezo yao. Mimi naona kabisa wale ni abiria wa siti ya nyuma.

Bereku akashuka. Akachukua jogoo wake, akaniombea dua ndefu ya safari njema, na kabla basi halijaondoka siti yake imeshakaliwa na dada mmoja, konda ameshamtajia nauli ya Arusha. Dada kaguna, kalipa.

Bonga, Babati, ziwa na viboko wake, hayo niliyaona kwa jicho moja. Jicho la pili nilikuwa naliweka tayari kwa Magugu, maana mke wangu kaniagiza mchele wa Magugu, na kwake mchele usio wa Magugu ni chakula cha wagonjwa. Basi limesimama, madirisha yote yamejaa mabeseni. Kila mmoja wake ndio wa Magugu halisi. Nikamuuliza mama mmoja, huu wa Magugu kweli? Akanijibu, "Kwani hapa wapi?" Sawa. Nikauliza bei kwa sado, lile kopo la kupimia. Akanipimia. Naangalia sado, kitako kimebonyezwa ndani, kimeingia juu kiasi kwamba ukiligeuza chini juu utapata sado lingine dogo. Nikamwambia, mama, hili sado limeumia. Akasema lilianguka. Nikatazama la jirani yake, nalo limeanguka. La tatu, limeanguka. Masado yote ya Magugu yameanguka siku moja, kwa kitako, mahali pamoja! Wakulima wanalia na lumbesa, mnunuzi anataka gunia lenye kilemba juu, na sisi wa dirishani tunalia na sado lenye shimo chini. Sasa huo mchele wa juu unakwenda wapi na huu wa chini unatoka wapi? Nataka kuuliza, honi inapigwa, konda anasukuma watu, mama ameshamwaga kwenye mfuko wangu na anadai hela. Nikatoa noti kubwa.

Hana chenji. Nani ana chenji? Konda ana chenji. Konda akanitazama, akaitazama noti, akasema tutajuana mbele.