Popo wa darini Uingereza, popo wa mwembe wetu Pemba

Fundi alipanda ngazi saa tatu asubuhi, na haikufika saa tatu na nusu alikuwa ameshashuka. Alikuwa ameinua vigae vitatu tu. "Una popo," akaniambia, "siendelei." Akafunga vifaa vyake garini, akaniachia turubai la kufunika palipovuja, akaondoka zake. Ilikuwa Juni, maji yalikuwa yanapenya juu ya chumba cha watoto, na nilishatanguliza nusu ya malipo.

Nilikasirika sana. Mimi mtu wa Pemba, niliyelala utoto wangu wote chini ya kelele za popo wakubwa, nizuiwe kutengeneza paa langu mwenyewe na kinyama chenye uzito wa gramu tano?

Kumbe ndivyo sheria ilivyo hapa Uingereza. Popo wote wanalindwa tangu sheria ya wanyamapori ya 1981. Ni kosa kuwaua, ni kosa kuwasumbua, na ni kosa kuharibu mahali wanapolala hata kama wenyewe wakati huo hawamo. Ukishitakiwa unaweza kufungwa hadi miezi sita, na faini haina kiwango cha juu. Lakini nilipopiga simu kuuliza nifanye nini, sikutishwa. Mamlaka ya mazingira, Natural England, ina utaratibu wa kumpa mwenye nyumba ushauri bila malipo, na baada ya siku chache alikuja mama mmoja wa makamo, mtu wa kujitolea, ana tochi, daftari na kiti chake cha kukunja.

Akanieleza kwamba waliomo ni pipistreli, popo wadogo wanaokula mbu na vijidudu vingine vya usiku. Wanaume karibu hawamo. Ni wanawake watupu, wamekusanyika kuzaa, na kila mmoja huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Vitoto vikianza kuruka vyenyewe, mwishoni mwa kiangazi, dari litabaki tupu na fundi ataweza kurudi.

Jioni ile tulikaa uani, mimi, yeye na mwanangu wa miaka saba. Jua la Juni huku linazama saa tatu na nusu usiku. Mama yule alituonyesha mahali pa kukazia macho, chini ya ubao wa paa, kwenye upenyo ambao ungetosha kidole gumba tu. Kwa muda hatukuona kitu. Halafu kimoja kikateleza ukutani kama tone la maji, kikaachia, kikafungua mbawa kabla ya kufika chini, na kikapita juu ya vichwa vyetu bila sauti. Kikafuata cha pili. Kisha vikaanza kutoka viwiliviwili. Mwanangu alivihesabu kwa Kiswahili, kwa kunong'ona, mpaka hamsini na kitu, akapotea, akaanza upya. Mama wa kujitolea ndiye aliyeandika hesabu kamili: mia moja na kumi na wawili. Mia moja na kumi na wawili walikuwa wanaishi juu ya vitanda vya wanangu, na mimi sikuwahi kusikia hata mkwaruzo.

Alituonya pia tusije tukamshika popo kwa mikono mitupu, maana baadhi ya popo wa huku wana virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa, na mwaka 2002 mtu mmoja aliyekuwa akifanya kazi na popo kule Scotland alifariki kwa virusi hivyo. Aliyeanguka unamchukua kwa glavu, unamweka kwenye boksi la viatu lenye kitambaa, unapiga simu.

Usiku ule sikulala vizuri, na paa halikuwa sababu. Miezi minne tu kabla ya hapo nilikuwa nimetuma pesa nyumbani mwembe ukatwe.

Nyuma ya nyumba ya mama palikuwa na mwembe mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Mchana kutwa popo wa Pemba walining'inia humo, wamejifunga mbawa kama watu waliojitanda kanga, wakigombana na kujipepea joto likizidi. Magharibi wakiondoka, anga yote ilikuwa yao. Nilikuwa najenga nyumba mpya pembeni, ya matofali na mabati mazuri, na mavi yao yalikuwa yanaangukia bati, yanatiririka na mvua kuingia kwenye tangi la maji. Hilo ni tatizo la kweli, sikulizua. Lakini sikuuliza kama lina dawa nyingine. Niliona picha kwenye simu, nikatuma pesa.

Mama alisema neno moja tu: "Hawa wapo tangu kabla ya babu yako." Nikamjibu kwamba maji machafu yatawatia maradhi wajukuu. Akanyamaza. Mwembe ulichukua siku mbili kwa msumeno wa mashine. Jioni ya siku ya tatu nilimpigia kumuuliza hali, akaniambia, "Wamekuja, wamezunguka, wameondoka." Hakulaumu. Ningependa angelaumu.

Wengi wetu tuliozaliwa kule hatujui tulichonacho. Popo wa Pemba haishi popote pengine duniani, ni Pemba tu. Akifungua mbawa anafika kama mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha, na ndiye anayebeba mbegu za miti mikubwa kutoka pande moja ya kisiwa hadi nyingine. Misitu ilipogeuzwa mashamba, na watu walipoanza kuwawinda kwa bunduki kwa ajili ya nyama, walipungua kiasi kwamba watafiti waliofika 1989 waliwaona wachache mno. Mwaka 1996 waliwekwa kwenye daraja la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka.

Leo wapo kwa maelfu, na mwenye kutaka kuwaona aende kijiji cha Kidike, hukohuko Pemba. Wanakijiji waliunda vikundi vya mazingira, wakakubaliana kutowinda, wakaulinda msitu wanamolala popo, na mgeni anayekuja kutazama analipa kiingilio kinachobaki kwa wenyeji. Wengine wanalala katika misitu ya makaburi, ambako watu tangu zamani hawakati mti ovyo kwa heshima ya waliozikwa. Hapo ndipo ninapotofautiana na ndugu zangu wa huku wanaosema kwetu tunakosa sheria tu. Huku sheria inafika mpaka kwenye dari langu, na naishukuru, maana bila hiyo nisingengoja hata wiki moja. Lakini majirani zangu wengi wanaogopa faini kuliko wanavyomjua popo mwenyewe. Kidike watu wanamjua, na wamekaa na kuamua. Mama yangu naye alikuwa anamjua. Aliyeharibu ni mimi, kutoka mbali, kwa pesa.

Sitaki mtu aniambie napamba. Wazungu wana nafasi ya kuwapenda wanyama wa uani kwa sababu wa kwao hawaui. Nyoka mwenye sumu nchini hapa ni wa aina moja, na mara ya mwisho kuua mtu ilikuwa 1975. Kwetu nyoka akiingia ndani humwambii mama mwenye mtoto mchanga asubiri mtaalamu. Na hofu zetu nyingine zina mizizi yake. Aliyekuwa Pemba 1995 anakumbuka watu walivyohamisha mikeka na kulala nje kwa makundi kwa kumwogopa popobawa, zimwi lililosemekana kuvamia watu usiku. Popo wa kweli hakuhusika, ila jina lilimganda. Bundi naye hadi leo akilia juu ya paa anatupiwa mawe kwa kuitwa uchuro, na kazi yake usiku kucha ni kukamata panya wanaomaliza mpunga wetu. Hili la bundi linaniuma, kwa sababu hapo hatuna hata kisingizio cha sumu.

Ninachowaambia wenzangu tulioko nje ni hiki: nyumba nyingi mpya kwetu tunazijenga sisi. Sisi ndio tunaotuma ramani, ukuta mrefu, uwanja mzima umemwagwa zege, miti yote imeondolewa ili nyumba ionekane barabarani. Wakati huohuo huku tunakoishi watu wanajitahidi kurudisha walichokiziba. Kalunguyeye wamepungua mno, na tangu 2011 iko kampeni ya kuwaomba majirani watoboe chini ya uzio tundu la sentimita kumi na tatu kwa kumi na tatu, wanyama hao wapite kutoka ua hadi ua. Mji wa Brighton tangu 2020 unataka majengo mapya yanayozidi mita tano kwenda juu yawekewe nafasi za teleka, ndege wanaofanana na mbayuwayu, kwa sababu majengo yaliyozibwa kila pembe yaliwakosesha pa kutagia. Ndege kama mbayuwayu! Hao katika nyumba zetu za makuti na boriti hakuna aliyewahi kuwakosesha chumba.

Dawa ya tangi langu, nimekuja kuijua, ilikuwa kuhamishia mfereji wa mvua upande mwingine wa bati, kuweka chujio na mfuniko, na kuacha mvua ya kwanza imwagike kabla ya kuelekeza maji ndani. Ingegharimu kidogo kuliko msumeno. Kama kule kwetu ni popo wadogo wameingia darini na huwataki kabisa, chungulia kwanza kama kuna vitoto, ngoja viruke, ndipo uzibe wakishatoka usiku. Ukiziba wakiwamo watafia humo na utajuta kwa harufu. Na watoto wasile embe lililoumwa na popo. Sisi tulikula, tukiamini ndilo tamu kuliko yote, lakini mate yao yanaweza kubeba maradhi.

Paa langu la huku lilimalizika Septemba. Fundi aliuacha upenyo uleule, na Mei iliyofuata walirudi. Mwanangu sasa anafika mia bila kupotea.

Kule nyumbani nilimwomba mama atafutiwe mche wa mwembe, kokwa ya mti uleule kama bado ipo. Jirani alikuwa amepanda moja zamani, akampa chipukizi lake. Kila Ijumaa mama ananitumia picha, bila maneno. Juzi ulikuwa umemfika kiunoni.