Usimpikie Kuku Siku ya Kwanza

Jumamosi tukianika nguo juu ya paa la ploti tunayopanga, msichana wa nyumba namba tisa aliniuliza amkaribishe vipi mumewe. Namwita msichana ingawa ni mke wa mtu, kwa sababu ukihesabu siku walizolala chini ya paa moja tangu waoane, hazifiki 40. Mumewe ni polisi. Alienda Haiti kwenye misheni ya kupambana na magenge, na sasa inasemekana kundi lao linarudi. Swali lenyewe lilikuwa dogo: "Dada, siku ya kwanza nimpikie nini?"

"Usipike."

Akacheka, akidhani ni utani. Sikuwa natania, lakini kamba ilikuwa imejaa, mvua inanukia, na jibu langu ni refu kuliko beseni la nguo. Ndiyo maana naliandika hapa.

Sisi tulioana Machi 2023, mimi Mkamba niliyekulia Kahawa West, yeye Mbukusu wa Bungoma mwenye sare ya jeshi. Nilitaka Desemba, kanisa, na gauni la kuburura. Lakini mwanajeshi hapangi kalenda, hupangiwa. Jina lake lilipotoka kwenye kundi la kwenda Somalia, tukaona heri tukimbilie Sheria House jijini Nairobi, tufunge ndoa ya serikali. Hata haraka ina foleni yake: unatoa notisi, kisha unangoja siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hakujitokeza mtu, isipokuwa shangazi yangu aliyepinga kwa simu, akitaka kujua kama nina mimba. Sikuwa nayo. Tulikaa siku 19 baada ya kutia sahihi, akaondoka.

Wako waliosema nimeolewa kimwizi. Waseme. Najua wanawake wengi walioolewa na wanajeshi kwa mahari tu: mbuzi walipelekwa, wazee wakanywa, ikaisha. Ndoa ya kimila ni ndoa, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua. Lakini sheria hiyohiyo inataka iandikishwe, na siku mlango unapobishwa na mtu aliyebeba habari mbaya, kinachoongea ni karatasi. Haya si maneno ya kumwambia bibi harusi, lakini nani mwingine atayahitaji?

KDF, jeshi letu la Kenya, ilivuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Tulishangilia darasani kana kwamba ni mechi ya Harambee Stars. Sikujua kwamba vita vile vitanisubiri nimalize shule, nipate kazi, nipate mchumba, ndipo vije kumchukua.

Alipelekwa upande wa Dhobley, mji wa Somalia ng'ambo ya mpaka wetu wa Liboi. Saa yao ni saa yetu. Magharibi ikiingia kwangu inaingia na kwake karibu wakati mmoja. Jambo hilo lilinifariji kijinga. (Huyu wa namba tisa mumewe yuko nyuma kwa saa saba, wakati mwingine nane. Yeye akilala, mwenziwe ndiyo kwanza anatoka doria. Sijui anavumiliaje.) Simu zilikuja kwa namba inayoanza na +252, saa tatu usiku mtandao ukiwa na huruma. Ukikosa huruma, nilibaki nikitazama tiki moja ya kijivu kwenye WhatsApp, siku mbili, siku nne. Nilijifunza kuisoma tiki ile kama bibi yangu alivyosoma mawingu.

Ijumaa moja, tarehe 26 Mei 2023, nikiwa kwenye matatu karibu na Roysambu, redio ikasema kambi ya ATMIS imeshambuliwa alfajiri. ATMIS ilikuwa misheni ya Umoja wa Afrika huko Somalia, iliyochukua nafasi ya AMISOM mwaka uliotangulia, na ndani yake walikuwamo Wakenya, Waganda, Warundi, Waethiopia na Wadjibouti. Mtangazaji hakusema ni kambi ya nani. Dereva akabadilisha stesheni atafute muziki. Nikapiga kelele mpaka utingo akadhani nimeibiwa simu. Baadaye ikajulikana ni Buulo Mareer, kambi ya Waganda. Nikafurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilishuka kwenye matatu, nikanunua mandazi, nikala nimesimama, nimefurahi. Wiki moja baadaye Rais Museveni akatangaza kwamba wanajeshi wake 54 waliuawa pale. Mahali fulani Jinja au Mbarara kulikuwa na mwanamke aliyeolewa juzi kama mimi, anatazama tiki moja. Mandazi yale mpaka leo yamenikwama.

Lakini kuhusu kungoja, mengi yamesemwa. Ukiolewa na mwanajeshi kila mtu anakufundisha kungoja: kanisani, sokoni, kwenye chama. Vumilia, mama. Omba, mama. Wengine wanauliza pesa ya misheni inaingia lini, na kama tumeshanunua ploti ya kujenga Kamulu. Sikuwahi kukosa mshauri wa kungoja. Aliyeniambia habari za siku ya kurudi hakutokea hata mmoja, na hapo ndipo ndoa yangu ilipokaribia kuvunjika.

Kwa maana huku nyuma nami sikukaa kama picha ukutani. Nilijifunza kufunga mtungi wa gesi bila kuita mtu. Nilibishana na mwenye nyumba kuhusu kodi, nikashinda. Zile mvua za El Niño za Novemba 2023 zilipokuja, dari ilivuja pembe ya chumba cha kulala, nami nikakisukuma kitanda peke yangu, usiku, mpaka ukuta wa pili. Mvua zikaisha. Kitanda kikabaki palepale, nikapazoea. Nikawa nalala katikati, mikono imetanda kama mtu anayeogelea.

Alirudi mwanzoni mwa Aprili 2024, mvua nyingine zikianza. Saa kumi jioni, begi mgongoni, amekonda shingo. Sitasimulia dakika ile ya mlangoni. Hiyo ni yetu. Usiku alitoka kwenda msalani bila kuwasha taa, akarudi akielekea pale kitanda kilipokuwa mwaka mmoja kabla. Akajigonga muundi kwenye kabati.

"Nani alikwambia uhamishe kitanda?"

"Mvua."

Hatukucheka. Leo tunacheka, usiku ule la.

Asubuhi yake, saa mbili, mama mkwe alifika kutoka Bungoma kwa basi la usiku. Alikuja na kuku wawili hai, shemeji zangu watatu, mjomba, na mchungaji waliyempitia njiani. Mchana watu 14 walikuwa kwenye chumba kimoja na sebule. Kwa mila zao mzazi halali nyumba moja na mwanawe aliyeoa, kwa hiyo nikawa nabisha milango ya majirani kuomba kitanda cha mama mkwe huku ugali unaungua. Mume wangu akapewa firigisi, heshima ya mwanamume. Akaombwa atoe ushuhuda jinsi Mungu alivyomtoa vitani. Akasimama, akasema "Namshukuru Mungu," akaketi. Kisha akatoka nje, akaegemea ukuta wa korido karibu na mita za stima. Firigisi ikapoa kwenye sahani. Mama mkwe akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempika vibaya kuku yule.

Simlaumu mama. Alikuwa amemngoja mwanawe mwaka mzima kama nilivyomngoja mimi, tena yeye alianza kumngoja zamani, tangu alipoingia jeshini. Ninachokataa ni ile haraka yetu ya kumgeuza mtu kuwa sherehe kabla hajavua viatu. Mwili umefika kwa ndege, mtu mwenyewe bado yuko njiani anakuja kwa miguu.

Mfano: maji. Alikuwa anaoga kwa kikombe kimoja kikubwa na chenji inabaki. Mimi nikifungua bomba nioshe vyombo, anakuja kulifunga. Ndoo, madebe, hata chupa za soda, zote alizijaza zikapangwa chini ya kitanda. Nikamwambia hii ni Kahawa West, maji yanakuja Jumanne na Ijumaa, nimeishi hapa mwaka mzima sikufa kiu. Akasema, "Najua uliishi." Kuna namna mwanamume anavyoweza kusema neno "uliishi" likawa shtaka. Naye alikuwa na haki kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusema "nyumba yangu", "gesi yangu", "funguo zangu", na nilikuwa nimejipenda katika hiyo "yangu". Tulipooana hatukupata muda wa kugombana. Siku 19 ni za asali, hakuna anayejua nani huacha taulo kitandani. Kwa hiyo ugomvi wa mwaka wa kwanza wote ulitusubiri mlangoni, pamoja na lile begi.

Kilichofungua mambo sikukitarajia. Alhamisi, tarehe 18 Aprili, simu za ploti nzima zikaanza kulia: helikopta ya jeshi imeanguka Elgeyo Marakwet, Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, yumo. Usiku Rais akathibitisha kwamba jenerali na wenzake tisa wamefariki. Mume wangu alitazama runinga bila kusema neno. Jumapili ile Ogolla akazikwa kwao Siaya, bila jeneza, ndani ya saa 72, kama alivyokuwa ameagiza mwenyewe. Mjadala mjini ukawa huo: jenerali mzima bila jeneza? Mume wangu akapunguza sauti ya runinga.

"Mimi nataka jeneza," akasema. "La bei rahisi. Na nisizikwe mvua ikinyesha."

Tukaanza kuongea saa tisa mchana, tukamaliza giza limeingia na chai imeganda. Alinieleza barua aliyokuwa ameiacha kwa rafiki, ambayo singeiona ila angekufa. Alinieleza jina la mwenzake ambaye sitamtaja. Nikamweleza habari za mandazi. Hatukuwa tumeyasema haya kabla hajaenda kwa sababu ni mkosi kutaja jeneza mbele ya bibi harusi. Nikiwaza sasa, lilikuwa jambo la kwanza tungetakiwa kuongea, kabla hata ya pete.

Wiki iliyofuata akaniambia twende Eastleigh. Niliogopa, nakiri. Mtu aliyetoka kupigana na Al-Shabaab anataka kwenda kula kwa Wasomali? Tukapanda hadi Pangani, tukabadilisha matatu. Akaniingiza hoteli moja ya ghorofa ya pili, akaagiza wali wa nyama ya mbuzi, ukaja na ndizi mbivu pembeni, akaitafuna ndizi pamoja na wali kama vile ndivyo alivyolelewa. Mhudumu akamjibu kwa Kisomali, naye akarudisha maneno yake manne aliyonayo, vibaya, mhudumu akacheka, yeye akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia kicheko chake tangu arudi. Kule Dhobley, akaniambia, kuna mzee aliyewauzia chai yenye iliki, kila asubuhi akimuuliza kama bado hajapata mtoto. Nilikuwa nimeijaza Somalia risasi tu, kumbe kulikuwa na mzee wa chai. Ningepikia watu 14 kila wiki nisingeyapata hayo.

Jeshi lina makasisi na washauri, na asiyelala usiku asione haya kwenda kuonana nao. Wangu alienda mara tatu, hakuniambia waliongea nini, nami sikuuliza. Lakini kasisi hawezi kufunga mlango wa nyumba yako. Huo ni wa mke na wa ukoo kuelewana. Nasema mlango ufungwe wiki mbili. Wazazi wapige simu, wasikie sauti, wamshukuru Mungu wakiwa Bungoma, Kitui, Nyamira, popote. Kanisa lingoje ushuhuda. Ploti ya Kamulu haikimbii. Ndani ya wiki mbili hizo mke na mume walale, wagombanie maji, wajue kitanda kinakaa ukuta upi.

Haya yote nimemwambia wa namba tisa jana kwenye ngazi, kwa ufupi, maana alikuwa amebeba mkaa. Nikamwambia anunue mkate, maziwa na mayai, aache mlango bila komeo, asipange kitu kingine.

"Na mama mkwe je? Ameshakata tiketi."

"Mpe mume wako simu aongee naye mwenyewe."

"Akikasirika?"

"Atakasirika. Mnunulie leso, mwambie wiki ya tatu."