Mteja wa Dhahabu

Duka letu la mtandaoni liliendeshwa na mtiririko wa kazi uliotulia: mteja akilipa, mfumo wa malipo ulitutumia taarifa kwa webhuku, yaani ujumbe ambao mfumo mmoja huutumia mwingine wenyewe pindi jambo linapotokea, na mtiririko ukaandika oda kwenye jedwali na kutuma risiti. Hakuna aliyelalamika, na pengine hilo ndilo lililomkera mwenzangu wa upande wa programu, aliyeamua kwamba risiti tupu haina utu. Akapachika katikati hatua ya msimbo aliouandika mwenyewe, ambao uliongeza hesabu ya manunuzi ya mteja, ukatuma barua ya shukrani, kisha ukaiomba huduma ya nje ichore kadi ya PDF yenye maua. Baada ya yote hayo ndipo mfumo wa malipo ulipojibiwa kwa namba 200, yaani taarifa imepokelewa.

Huduma ya maua ilikuwa na maringo. Kadi moja ilichukua nusu dakika, ilhali mfumo wa malipo ulisubiri jibu kwa sekunde 10 tu. Usipojibiwa, mfumo huo huhesabu kwamba taarifa imepotea na kuituma upya, ukirefusha nafasi kila unaporudia, kutoka dakika hadi saa kadhaa. Ni mpango wa busara kwa seva iliyolala. Yetu haikuwa imelala. Ilikuwa ikichapa kazi kwa bidii ya kutisha.

Mimi ndiye ninayejibu barua za wateja. Bwana mmoja aliyenunua mwavuli aliandika kiungwana: "Ndugu mhusika, nimeshukuriwa mara tatu. Nadhani inatosha." Jioni aliambatanisha barua yetu isemayo, "Asante kwa kununua mwavuli wako wa sita!", na chini yake akaongeza: "Nina kichwa kimoja." Usiku alitaka kujua kama akaunti yake inakatwa kila maua yanapofika. Haikuwa ikikatwa, lakini ni vigumu kumtuliza mtu huku mwavuli wa saba ukimwingilia katikati ya maelezo.

Mwenzangu alitazama kumbukumbu za mfumo, akatangaza kwamba kwake kila kitu ni kijani. Ni kweli: kila kadi ilichorwa, na kila 200 ilitumwa, ila kwa msikilizaji aliyekwisha kukata simu. Taarifa zote zilibeba kitambulisho kilekile cha tukio, herufi kwa herufi, lakini msimbo haukuwa umeagizwa kukitazama.

Ilipotimia taarifa ya kumi, hatua nyingine ambayo hakuna aliyetuambia habari zake iliamka: mnunuzi wa mara kumi hupandishwa kuwa Mteja wa Dhahabu na kupewa zawadi. Zawadi ilikuwa mwavuli. Meneja akauzima mtiririko kwa mkono wake mwenyewe.

Marekebisho yalikuwa mafupi kuliko kikao cha kuyajadili. Sasa 200 hujibiwa papo hapo, kazi nyingine huingia kwenye foleni, na kitambulisho huhifadhiwa ili taarifa inayojirudia itupwe. Maua yalibaki, hapo mwenzangu hakukubali kushindwa.

Nilimwandikia mteja barua ndefu ya radhi, nikimweleza kwamba manunuzi tisa kati ya kumi hayakuwahi kutokea, na hivyo hadhi yake ingefutwa. Alijibu upesi. Usumbufu ameusamehe, alisema, lakini ameyasoma masharti yetu yote na hakuona mahali panapotaka miavuli iwe ya kweli. Kwa hiyo aliomba kufahamishwa punguzo lake la Mteja wa Dhahabu la asilimia 20 linaanza lini, maana sasa alihitaji koti la mvua.