Vokseli au mkono: kuunga mwili wa mhusika wa 3D

Mhusika wa 3D huanza vipande vipande. Kiwiliwili ni tufe lililovutwa, mkono ni silinda, kichwa kimechongwa peke yake. Kuvifanya mwili mmoja ndiko huwagawa mafundi: wengine huiachia programu iyeyushe kila kitu kwa vokseli, yaani visanduku vidogo vya 3D, wengine hukesha wakitandaza kwa mkono juu ya mchongo wavu mpya wa miraba, vile vipande vya pembe nne vinavyounda ngozi ya mhusika.

Tuondoe kwanza kosa la wanaoanza. Katika Blender, programu ya kuunda vitu vya 3D, Ctrl+J hukusanya vipande kuwa kitu kimoja, basi; haivishoni. Pitisha brashi ya kulainisha begani uone: mkono unanywea kwake, kifua kinanywea kwake, katikati unafunguka ufa. Na ncha ya silinda bado imo ndani ya kifua, imechomekwa kama boriti ukutani.

Vokseli hutibu hilo mara moja. Programu hupima umbo zima kwa visanduku vidogo, hutupa yaliyojificha ndani, kisha huvika ngozi moja kwa nje. DynaMesh, zana ya programu ya kuchonga ya ZBrush, iliwazoesha wachongaji jambo hili tangu 2011. Blender ilipata Voxel Remesh katika toleo la 2.81, mwaka 2019. Kwa mtu ambaye bado anatafuta umbo, sioni hoja ya kuikataa.

Bei yake utaiona vidoleni. Mhusika wa mita 1.8 ukimpa vokseli za sentimita 2, vidole vinashikana kama mguu wa bata na masikio yanatoboka. Shuka hadi sentimita 1, miraba inaongezeka karibu mara 4; nusu sentimita, mara 16 ya ile ya mwanzo, na laptopu inaunguruma kama mashine ya kusaga. Hata ukivumilia, miraba inatoka saizi moja kila mahali: kisogo kisichokunjika kimepewa msongamano uleule wa kona ya mdomo.

Hapo watu wa mkono wana haki. Mdomo unaozungumza unataka pete za miraba zinazouzunguka, jicho vilevile, na kiwiko kinataka mistari ya kutosha pale kinapokunjika. ZRemesher na QuadriFlow, zana zinazotandaza wavu zenyewe, hujaribu, na kwa sanamu isiyosogea zinatosha. Ila pete zao zina tabia ya kujiviringisha kama uzi wa skrubu: unafuata mstari kutoka kifundo cha mkono ukidhani utarudi ulipoanzia, unajikuta kiwikoni.

Lakini nao hutia chumvi. Mhusika wa kuchapwa kwa printa ya 3D hakunji kiwiko; anataka ngozi isiyo na tundu tu. Na mwili safi si lazima uwe ngozi moja. Macho, meno, ulimi na nywele kwa kawaida huachwa mbalimbali, maana jicho lililoshonwa kwenye kope haligeuki.

Mimi nayeyusha mapema. Nikiridhika na umbo, naweka nakala ya mchongo, natandaza wavu kwa mkono usoni, mabegani na viganjani, mgongo na mapaja naiachia programu, kisha nashona mipaka. Kwapa ndilo hunichelewesha: nainua mkono wa mhusika, ngozi inakunjamana, nasogeza pointi mbili tatu, nauinua tena.