Mzee akae kiti cha mbele

Julai ikifika, Lubumbashi, mji wetu wa shaba kusini mwa Kongo, hujaa watoto wa ndugu zetu wanaoishi Ulaya. Utawajua tu: kaptula, ndala, na meno yanagongana. Waliambiwa wanakwenda Afrika kwenye joto. Hakuna aliyewaambia kwamba mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya bahari, na kwamba asubuhi za Julai hapa mtu mwenye akili anavaa koti. Joto letu ni la Oktoba, na Oktoba wao wako darasani Brussels.

Lakini si baridi iliyonitia kalamu mkononi. Ni binamu yangu, mtu mzima, mzaliwa wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, kabla ya kuhamia Ubelgiji. Likizo imekwisha, amepanda ndege, akatuandikia kwenye kundi la WhatsApp la familia: ahsanteni kwa yote, bukari (ugali wetu) ilikuwa tamu, ila kusema kweli Lubumbashi hakuna kitu cha kuona. Na watu wakaweka vidole gumba. Watu wa hapahapa! Hata tantini, shangazi yetu, aliyewaachia chumba chake akalala sebuleni mwezi mzima.

Basi tuangalie tulimwonyesha nini. Pisini, yaani bwawa la kuogelea, na brosheti za nyama. Kisha ziwani, mahali fulani ambapo muziki unapasua masikio na bei ya Fanta ilipanda ghafla watoto walipofungua mdomo na Kifaransa chao cha Brussels. Kisha bustani ya wanyama. Kisha supamaketi. Ndiyo, supamaketi, mwone jinsi tulivyoendelea! Mtu kaacha supamaketi mlangoni kwake, kalipa tiketi ya ndege ya familia nzima, sisi tunampeleka kuangalia rafu za biskuti. Halafu tunanuna akisema hakuna kitu.

Na kila safari gari lilijaa. Dereva, binamu, mke wake, watoto, rafiki wa mtoto wa sijui nani, bafle (spika kubwa) la muziki, na sanduku la barafu lenye vinywaji, ambalo peke yake lilikalia nafasi ya mtu. Aliyekosa nafasi kila mara ni baba yangu. "Papa, wewe pumzika, tutakuletea picha." Mzee amekula ujana wake kwenye tanuru za Gécamines, kampuni ya serikali ya kuchimba na kuyeyusha shaba, sisi tunamwahidi picha za Lubumbashi!

Hapo ndipo moyo wangu unapochemka. Miji mingine ina vibao, vijitabu, vijana wenye kofia wanaoongoza wageni. Hapa kilichopo kiko vichwani mwa wazee, na wazee tunawaacha barazani walinde nyumba. Mgeni anapita karibu na lile bomba refu la moshi na ule mlima mweusi kando yake, anaona takataka za kiwanda. Ana haki. Nani kamwambia ni nini?

Siku ambayo wakubwa walikwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kununua vitu, nilibaki na watoto wawili wa binamu. Nikamweka mzee mbele, watoto nyuma, tukaenda kusimama mahali unapoona bomba na mlima vizuri. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza. Shaba ya kwanza ilitoka hapa tarehe 30 Juni 1911. Mvulana akashtuka: "Kambo" (ndivyo tunavyomwita babu), "si ndiyo sikukuu ya uhuru?" Mzee akacheka. "Ndiyo hiyo. Ila uhuru ulichelewa miaka 49."

Akawaeleza ule mlima. Shaba ikishatoka, yale mabaki ya mawe yaliyoyeyuka yalipandishwa juu yangali moto, ndani ya vyungu vya chuma vinavyotembea kwenye reli. Akanyoosha mkono, kiganja kama chungu, akakiinamisha polepole, na alipofika kwenye kumwaga akarudisha uso nyuma na kufumba macho, kama joto bado linampiga. Usiku, anasema, mlima uliwaka mwekundu, na mtoto wa Katuba alijua kwamba baba yake yuko kazini. Kisha akawaonyesha kwa kidole mahali ulipokuwa unafika zamani, maana siku hizi unapungua: tangu miaka ya 2000 unachimbwa na kuyeyushwa upya, kwa sababu yale tuliyoyatupa yana kobalti. "Inakwenda kwenye betri," akasema. Msichana akaitazama simu yake. "Hii?" Mzee akainua mabega: "Labda. Haijaandikwa jina langu."

Akahamia kwenye posho, chakula walichogawiwa wafanyakazi: foleni ya unga, mama amebeba mfuko, mtoto amebeba samaki, na aibu ya mfanyakazi aliyekosa siku akaona mfuko wake umepungua. Akafika mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka Gécamines kwa mpango ulioitwa wa hiari. Hapo hakusema mengi. Watoto, ambao pisini waligombana juu ya chaja, walikaa kimya muda wote huo bila mtu kuwaambia wanyamaze.

Na bado hatujafika makumbusho, ambako misalaba ya shaba iko kwenye kabati la kioo. Mwambie mtoto wa Ulaya kwamba hizo zilikuwa pesa kabla hajafika mzungu yeyote, na kwamba tatu kama hizo ziliwekwa kwenye bendera ya Katanga ya Tshombe, ilipojitenga na Kongo, uone kama atauliza intaneti iko wapi. Kamalondo, mtaa wa uwanja wa mpira, sihitaji kueleza. Mzee yeyote atakusimulia Englebert, timu inayoitwa leo TP Mazembe, ya 1967 na 1968, vikombe viwili vya Afrika mfululizo, mpaka mlale.

Shilatembo ndiyo inayoniuma zaidi. Ni mwendo wa kilomita kama 50, njia ya Likasi, unalipa peaji ya barabara unakwenda. Hapo waliuawa Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, na wenzake Mpolo na Okito usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Juni 2022 jino la Lumumba, mabaki pekee ya mwili wake, liliporudishwa kutoka Ubelgiji, lilipitishwa hapo kabla ya kuzikwa Kinshasa. Kutoka Ubelgiji! Kule kule anakoishi binamu yangu anayesema hakuna kitu cha kuona. Watoto wake wamezaliwa katika nchi iliyokaa na jino hilo miaka yote hiyo, nasi tuliwapeleka kulisha nyani ndizi.

Kuna watakaosema tungewapeleka Lofoi. Sawa, maporomoko ya zaidi ya mita 300 si mchezo, lakini kwa barabara ile hiyo si safari ya kwenda na kurudi siku moja, na kiangazi maji yenyewe yamebaki uzi. Aje mwezi wa tatu, na gari la maana.

Nakubali, kwa shingo upande, pisini ina kazi yake. Watoto ni watoto. Na mzee garini ana gharama: anataka kusimama kila baada ya muda, hadithi moja anairudia mara tatu, na dirisha likifunguliwa kidogo anapiga chafya mpaka kesho. Pia ukitoa simu kupiga picha kiwanda, mtu mwenye sare anaweza kuchipuka kutoka ardhini na maswali. Heri basi uwe na mzee anayejua kuamkia watu, kuliko kijana anayeanza kubishana kwa Kifaransa cha Ubelgiji.

Binamu anasema Julai ijayo watarudi. Nimeshamjibu palepale kwenye kundi, mbele ya vidole gumba vyote: kiti cha mbele kina mwenyewe, bafle litabaki nyumbani, na sanduku la barafu atalibeba yeye mapajani hadi Shilatembo.