Bilioni Wamezisikia, Elfu Thelathini Hawana

Nina duka la kadi Kampala, ghorofa ya tatu, jirani na Kikuubo, uchochoro wa maduka ya jumla. Mlangoni nimeandika kwa wino mwekundu kwamba sichapishi kadi za harusi wala za kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho, wala sisajili laini za simu. Bado kila asubuhi kuna mtu anapanda ngazi zote hizo, anafika anahema, anauliza kadi mia mbili za mwaliko ni bei gani. Nauza kadi za kukusanya, jamani! Pokémon, Magic, wachezaji wa mpira, stika za albamu za Panini.

Mnadhani tatizo langu ni watu kutoijua hobi hii? Laiti! Enzi hawaijui nilikuwa na amani yangu. Tatizo wameijua.

Redio moja ya mjini iliniita niitangaze. Nikaenda na shati la pasi, nikasema ukweli mtupu: Agosti 2022 huko Marekani, kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, toleo la kampuni ya Topps la mwaka 1952, iliuzwa dola milioni 12.6. Mtangazaji akapiga hesabu pale pale hewani: shilingi bilioni 45 na ushee! Baada ya hapo nikaeleza kwa utulivu kwamba kadi ya namna hiyo ni adimu, na iliyobaki safi kama ile ni adimu zaidi. Hayo hakuna aliyeyasikia. Nadhani Kampala nzima ilishazima redio na kuingia uvunguni kutafuta makaratasi.

Kesho yake foleni ilianzia kwenye ngazi. Nikajua leo nimeukata. Kumbe wote ni wauzaji! Mzee mmoja kaleta vocha za simu zilizokwanguliwa, kazifunga kwa mpira. Mama mmoja kaleta kadi ya chama cha siasa, anasema chama chenyewe kimekufa kwa hiyo haitachapishwa tena. Kijana kafungua daftari la stika za bigijii zilizogandishwa kwa posho, yaani ugali, panya wamekula posho pamoja na nyuso za wachezaji. Nikamuuliza anataka ngapi. "Ssebo, mimi sina tamaa. Nipe bilioni moja tu."

Nikamwonyesha pakiti ya elfu thelathini, nikamwambia aanze na mpya. Akacheka mpaka akakaa chini. Elfu thelathini kwa makaratasi!

Nyumbani nako hakuna pa kupumzikia. Nilimsimulia mama watoto habari za Sy Berger wa Topps, aliyeeleza mwenyewe jinsi mwaka 1960 walivyopakia masanduku ya kadi za 1952 zilizododa kwenye tishali na kwenda kuzimwaga Bahari ya Atlantiki, na Mantle akiwemo humo ndani. Nilitaka aone uzito wa historia. Aliniangalia kwa muda, akasema: "Baba watoto, Ggaba si mbali. Zako unangoja nini kuzimwaga ziwani zipande bei?" Tangu siku hiyo nikichelewa kutoa pesa ya sokoni ananiuliza kama kuna mtumbwi wa kukodi.

Halafu kuna hili la alama. Wakusanyaji hupeleka kadi Marekani kwa wakaguzi, wakaichungulia kona, kingo na uso, wakaipa alama kati ya 1 na 10, wakaifungia kwenye plastiki ngumu. Kumi ndiyo kilele. Sasa mweleze hayo mzazi wa Uganda, nchi ambayo mtoto akipata 1 kwenye mtihani anachinjiwa jogoo, akipata 9 anachinjwa yeye! Baba mmoja alikuja kumnunulia mwanawe zawadi, nikamtolea Charizard, joka la Pokémon, yenye alama 9, kadi ninayoifuta vumbi kwa kitambaa cha miwani. Akaigeuza, akanirudishia kwa vidole viwili. "Tisa? Si imefeli hii?" Nikasema hapana mzee, hapa hesabu inakwenda juu, hata kumi ipo. "Kumi! Hiyo si ilifukuzwa shule kabisa?" Akaondoka na mpira wa miguu kutoka duka la chini.

Jumamosi ndiyo siku ya hobi. Nimeweka meza, viti na feni ili vijana wabadilishane kadi na kucheza. Wanakuja kwa wingi, sikatai. Wanachaji simu, wanakunywa maji yangu, mkono mmoja umeshika rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, na mwingine unapekua kadi zangu. Mafuta yote yanabaki kwenye kadi, noti zote zinabaki mfukoni mwao. Wakati wa mvua za Aprili ndio usiseme: unyevu ukiingia, kadi zinazong'aa zinajikunja kama chapati iliyosahauliwa juani, na hao hao wapakaji mafuta wanadai punguzo kwa sababu kadi imepinda.

Watoto wa stika nao wananihukumu kwa makosa ya taifa. "Mzee, ukurasa wa Cranes, timu yetu ya taifa, uko wapi?" Mwanangu, hiyo ni albamu ya Kombe la Dunia, na Uganda haijawahi kucheza Kombe la Dunia. Mtoto ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosa penalti.

Mwezi uliopita akaja Hajji mwenye jengo kudai kodi. Nikaanza wimbo wangu wa kawaida, Hajji biashara ngumu, Hajji nivumilie. Huku nikilalamika, yeye ameinamia kabati la kioo. Akasoma bei ya Charizard: shilingi 800,000. Akasoma ya jirani yake. Akahesabu kadi kwa kidole, midomo ikitembea. "Kumbe humu ndani mnakaa na pesa namna hii, halafu mnanililia?" Kodi ikapanda pale pale.

Nikang'oa bei zote kabatini. Mteja wa kwanza aliyeingia baada ya hapo akaangalia huku na huku, akatabasamu: "Ssebo, hizi zisizo na bei mnagawa, eeh?"